Nina dambeli mbili tu geto, naanzaje kujaza mwili?

bajaji_ya_Ilomba

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wenye uzoefu. Nina miaka 24, nipo Mbeya maeneo ya Ilomba, naendesha bajaji kuanzia alfajiri mpaka usiku kwahiyo muda mwingi mwili umekaa tu. Kilo zangu 58 urefu sentimita 174, yaani mwembamba kiasi kwamba abiria akiwa na mzigo mzito ananiangalia kwanza halafu anaubeba mwenyewe. Jimu zipo ila kulipia kila mwezi na ule muda wa kwenda na kurudi sioni kama nitaweza, na kusema ukweli naona aibu kuanza na vyuma vidogo mbele ya mabaunsa.

Sasa kuna jamaa alikuwa anahama akaniuzia dambeli mbili zile za kuweka na kutoa sahani, kila moja ukiijaza zote inafika kilo 10. Kila usiku kabla ya kulala napiga za mikono, nakunja nakunja mpaka basi, asubuhi pushapu kidogo. Mikono naona imekaza ila haijaongezeka wala nini, kifua ndo kabisa hamna kitu.

Je kilo 10 zinatosha au nacheza? Nipige mazoezi gani kwa ratiba ipi? Na chakula, maana wana wa kijiweni wanasema bila protini ya kopo nasumbuka bure, na lile kopo nikiliangalia bei ni hesabu ya bosi ya siku kadhaa. Matusi hapana jamani.

Mnyalukolo

Kamwene kaka. Mimi nipo Iringa huku Ipogolo, napiga tizi nyumbani miaka sasa na sina benchi la maana hata leo, ngoja nikupe ninayoyajua.

Kilo 10 kila mkono zinatosha kuanzia na zitakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Shida yako ni kwamba kila usiku unakitesa kimsuli kimoja kidogo cha mbele ya mkono halafu mapaja, makalio, mgongo na mabega, kule ambako ndo kuna nyama nyingi za kuongezeka, umeviacha vimelala. Hata mkono wenyewe sehemu kubwa ni msuli wa nyuma, ule unaofanya kazi ukisukuma, sio huo wa mbele mnaoukunja kunja kwenye kioo.

Halafu suala la uzito mdogo. Imeshapimwa sana hii, uzito mdogo unajenga msuli karibu sawa na uzito mkubwa ILI MRADI seti, yaani mfululizo mmoja wa kuinua bila kupumzika, unaipeleka mpaka karibu na kushindwa, yaani unaweka chini ukijua umebakiza moja au mbili au tatu tu za kuinua vizuri. Ukishindwa kwenye 8 sawa, ukishindwa kwenye 25 pia sawa, tofauti ni kwamba ile ya 25 inachoma na kukata pumzi zaidi. Lakini ukiishia 15 wakati uwezo wako ulikuwa 40, hapo umejipasha joto tu. Wengi wanaosema dambeli ndogo hazijengi hawajawahi kufika huko kwenye kushindwa.

Ratiba. Siku tatu kwa wiki, mwili mzima kila siku, mfano Jumatatu Jumatano na Ijumaa, ukikosa moja kwa sababu ya kazi isogeze kesho yake maisha yaendelee. Kila zoezi seti tatu, pumzika dakika mbili hivi katikati, acha kukimbiza kama unafukuzwa na trafiki. Unaanza na skwati, dambeli moja umeikumbatia kifuani kwa mikono miwili, shuka mpaka mapaja yalale au zaidi. Halafu ile ya kuinama, dambeli mbili mbele ya mapaja, magoti yamekunjwa kidogo tu, unarudisha makalio nyuma mpaka nyuma ya mapaja pavutike vizuri kisha unarudi, mgongo umenyooka muda wote, wengi wanaikosea wanainama na kiuno. Halafu pushapu, hizi usizidharau, ukizidi 20 panda miguu kitandani. Halafu kuvuta. Halafu kusukuma juu ya kichwa ukiwa umesimama. Mwishoni kabisa ndo hizo zako za kukunja mkono, seti mbili tatu ufurahishe roho.

Kuvuta nakuelezea vizuri kwa sababu ndo zoezi wanaoanza wanaliruka na ndo linalompa mtu umbo akiwa amevaa tisheti. Weka goti la kushoto na kiganja cha kushoto kwenye ukingo wa kitanda, mguu wa kulia chini, mgongo umelala sambamba na sakafu. Dambeli mkono wa kulia iache ining'inie kabisa mpaka usikie pale chini ya kwapa panavutika. Sasa usiivute kuja kifuani, vuta KIWIKO kielekee mfuko wa nyuma wa suruali. Ukivuta kuja kifuani mkono ndo unafanya kazi yote, ukielekeza kiwiko mfukoni utasikia mgongo unabana upande mzima. Shusha taratibu, hesabu mpaka tatu. Ukimaliza geuka upande wa pili, na anza kila siku na mkono ulio dhaifu, mwenye nguvu asubiri.

Kuongeza sasa. Chukua lile daftari unaloandikia hesabu za bajaji, fungua kwa nyuma, andika zoezi na idadi. Lengo ni kati ya 8 na 15. Ukifikisha 15 kwenye seti zote tatu ongeza sahani. Sahani zikiisha usiniambie umefika mwisho, bado unaweza kushusha kwa sekunde tatu nne, kusimama chini kidogo kabla ya kupanda, au kugeuza zoezi liwe la mguu mmoja. Jaribu skwati ya mguu mmoja mbele, mwingine umeuweka nyuma juu ya stuli, umeshika dambeli zote mbili, halafu urudi hapa uniambie kilo 10 ni ndogo.

Na zile nati za kubana sahani kaza kila seti, zinalegea zenyewe. Sahani ikichomoka ukiwa umeinua juu ya kichwa utanikumbuka.

kuli_mstaafu

Hahaha uza hizo dambeli mwanangu njoo Mwanjelwa kwenye Fuso za viazi, lumbesa mbili tatu kwa siku utajaa mpaka uombe kupungua. Na unalipwa. Nyie mnalipa kubeba vyuma sisi tulilipwa

Mnyalukolo

@kuli_mstaafu sikubishii mzee, makuli wana miguu na migongo ya kweli. Ila lumbesa inapita kilo 100, mtu wa kilo 58 ataanzaje hapo? Tofauti ya vyuma ni hiyo tu, unaanza na unachokiweza unaongeza kidogo kidogo. Kwenye Fuso siku ya kwanza lumbesa na siku ya mwisho lumbesa, ndo maana viuno vinawaliza wengi.

mama_G_Tukuyu

Mdogo wangu wa Ilomba, mazoezi kakumalizia huyo kaka, mimi nikuambie chakula maana nina watoto wa kiume wawili wanapiga hayo hayo na mimi mwenyewe napiga, msishangae.

Kwanza kilo 58 kwa urefu huo, wewe unakula kidogo. Utabisha utasema mbona nakula, ila dereva wa bajaji najua anavyokula, chai na maandazi mawili asubuhi, mchana chipsi kavu amesimama, usiku ndo anafakamia ugali. Mwili hauwezi kujenga kitu na mabaki. Inatakiwa uongeze kidogo kila siku na mzani upande polepole, robo kilo kwa wiki inatosha. Ukipanda kilo mbili kwa wiki hicho ni kitambi kinakuja.

Protini kwa anayejenga misuli inatosha kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwako wewe inakuja gramu 93 hivi. Inasikika nyingi ila tuhesabu na vitu vya huku kwetu. Mayai mawili ya kuchemsha asubuhi gramu 12. Maziwa glasi kubwa 8, na huku Tukuyu na Mbeya kukosa maziwa ni uvivu. Mchana ugali wako wa kushiba, unga wenyewe una protini watu hawajui, robo kilo ya unga ina kama 18, na maharage kikombe kimoja na nusu yaliyoiva una 22. Maharage tunalima wenyewe jamani, Uyole mpaka mbegu wanatafiti pale. Jioni karanga ngumi moja nzuri unapata 12. Usiku wali au ndizi na dagaa, dagaa mkavu karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, kwahiyo gramu 40 tu za dagaa ni 20 na kitu. Jumlisha uone. Hapo nyama sijaigusa, kuku sijamgusa, na kopo sijaliona.

Na parachichi kula, ni mafuta mazuri na linaongeza nguvu bila kukujaza tumbo, msimu wake huku yanaozea chini ya mti. Soya pia, ila uisage ukiwa umeikaanga au kuichemsha kwanza, soya mbichi inasumbua tumbo na protini yake hailiki vizuri.

Kitu kimoja, usile protini yote usiku. Gawanya. Chukua hotpoti ubebe maharage yako kijiweni, watakucheka siku mbili wataacha.

fundi_wa_Makambako

Salama wakuu. Mimi ni mchomeleaji, vyuma vya mazoezi watu wananiletea sana kwahiyo upande huo nachangia kidogo kwa sababu zikimshinda hizo kilo 10 asikimbilie dukani.

Zege. Zege likishindiliwa vizuri lita moja ina kilo 2.4 hivi. Kwahiyo makopo mawili ya rangi ya lita moja, moja kila upande, na kipande cha bomba katikati, unapata dambeli ya kilo 5. Kopo la lita 4 peke yake ni kilo 9 na nusu hivi, hilo ukiliwekea mkono juu unapigia skwati safi. Mchanga mkavu ni mwepesi zaidi, lita inakaribia kilo 1.6, na maji kilo moja kwa lita kama kawaida, dumu la lita 20 limejaa hilo ni zoezi la kuvuta tayari na halina gharama.

Sasa watu wanapokosea. Wanachomeka bomba tupu kwenye zege bichi, likikauka baada ya muda bomba linaanza kuzunguka ndani, siku moja kopo linachomoka lote. Kabla ya kumwaga, kile kipande cha bomba kitakachozama ndani toboa matundu mawili yanayopishana upitishe misumari ya inchi nne, au niletee nikuchomee vipande vya nondo mm 8 viwe msalaba. Zege linashika pale. Kokoto ziwe ndogo ndogo, saruji moja mchanga mbili kokoto tatu, maji kidogo tu, gonga gonga kopo pembeni hewa itoke. Mwaga upande mmoja, subiri ushike, kesho yake ugeuze umwage upande wa pili, na bomba ulifunge kwa kamba lisimame wima maana likikaa kombo dambeli yako itakuwa inakuvuta kiganja. Halafu mwagilia, kaa nayo wiki ndo uanze kutumia. Na usiidondoshe, zege sio chuma.

Ukimaliza peleka kwa muuza mahindi akupimie, usiandike kilo za kukisia. Wengine wanatembea na kilo 12 wanasema 20.

bajaji_ya_Ilomba

Daah asanteni sana, sikutegemea. Shikamoo mama G, hiyo ya maandazi mawili umejuaje 😂

Nina maswali machache ya nyongeza. Moja, wana kijiweni wanapiga mayai mabichi matatu na soda, inasaidia? Mbili, kuna vidonge vya kuongeza mwili duka la dawa wanauza bei chee kabisa, jamaa yangu alitumia akanenepa mashavu ndani ya wiki, nilikuwa nafikiria nichanganye na tizi. Tatu, nikianza hizo za miguu nimejaribu leo kidogo tu na kushuka kitandani shida, ni kawaida? Nne, asubuhi huku saa hizi za Juni baridi linakata, nipige usiku au nivumilie?

mama_G_Tukuyu

Marahaba mwanangu. Hayo maandazi nawauzia mimi ndo maana najua.

Mayai mabichi waachie. Yai likipikwa mwili unachukua karibu asilimia 90 ya protini yake, bichi ni nusu tu, kwahiyo wanaokunywa matatu wanapata ya moja na nusu na juu yake wanajitafutia ugonjwa wa tumbo. Soda hata sijui inafanya nini hapo.

Vidonge HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Vinavyouzwa kienyeji kwa kazi hiyo mara nyingi ni deksamethasoni au siproheptadini au vyote pamoja. Deksamethasoni hayo mashavu unayoyaona ni maji na mafuta yamehamia usoni, msuli hamna, tena ikikaa mwilini inakula misuli hiyo hiyo unayoitafuta, inapandisha sukari na presha, na ukishazoea ukiacha ghafla mwili unaweza kuzima. Siproheptadini inaleta hamu ya kula ndio, ila inaleta na usingizi, na wewe unabeba watu kwenye mteremko wa Iwambi. Anayetumia sasa hivi asikatishe kimya kimya, aende hospitali aseme ukweli wasaidiane namna ya kuacha. Hela hiyo nunua trei ya mayai.

Mnyalukolo

Mama G kamaliza, nimalizie yangu.

Miguu kuuma ni kawaida kabisa kwa anayeanza, inakuja kesho yake na siku ya pili ndo inakuwa kali, kisha inaisha. Wiki ya kwanza piga seti moja au mbili tu kila zoezi usijitie ushujaa. Maumivu ya msuli mzima kulegea na kukakamaa hayo sawa, maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, goti au bega, hapo punguza uzito au badili zoezi. Na kama misuli imevimba sana huku mkojo umekuwa mweusi wa rangi ya kola usisubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo, misuli inakuwa imevunjika kupita kiasi na figo zinaweza kuumia. Ni nadra ila inawatokea wale wa kutaka kumaliza yote siku ya kwanza.

Baridi. Mbeya mpo karibu mita 1,700 juu huko na Juni inajulikana. Piga saa yoyote utakayoweza kuirudia wiki nzima, msuli haujali saa. Kwako naona usiku ukirudi, ule, upumzike kidogo, ndo upige. Ukichagua alfajiri vaa sweta, ruka ruka na zungusha mabega na nyonga dakika tano mpaka uanze kuhisi jasho, halafu seti ya kwanza ya kila zoezi iwe nyepesi. Usingizi masaa saba au nane usiuibe, mnajikuta mnapiga tizi saa tano usiku halafu saa kumi upo barabarani, hapo hujengi kitu.

Kopo la protini ni chakula tu kama dagaa, halina uchawi. Siku ukiwa na hela ya ziada kabisa kitu chenye ushahidi ni kreatini, ule unga wa kusaidia nguvu za misuli, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, mtu mwenye tatizo la figo amuone daktari kwanza. Ila miezi hii ya mwanzo hata usiifikirie.

Na usikate tamaa na kioo. Mwanzoni nguvu zinapanda haraka kuliko nyama, ni mishipa ya fahamu inajifunza kuamrisha misuli. Ya kuonekana na watu hesabu miezi miwili mitatu kwenda mbele. Angalia daftari.

binti_Mafinga

Samahani naingilia, na sisi wadada tukifuata ratiba hiyo hiyo hatutajaa mikono kama wanaume?

mama_G_Tukuyu

@binti_Mafinga piga hivyo hivyo mwanangu bila kubadili. Homoni ya kujaza misuli mwanaume anayo mara nyingi zaidi yetu, utakachopata ni mwili kukaza, nguvu na mifupa imara. Mimi nina miaka zaidi ya kumi na ndoo kichwani na dambeli mkononi na bado gauni la harusi linanipita mabegani. Kiunoni tusiongelee.

bajaji_ya_Ilomba

Nimeelewa wakuu. Vidonge nimeviacha hukohuko dukani. Naanza Jumatatu, seti mbili mbili. Fundi nina makopo mawili ya maziwa ya unga makubwa hapa, yanafaa au mpaka ya rangi? Na bomba la saizi gani?

fundi_wa_Makambako

Ya maziwa bati lake jepesi, linabonyea ukigonga na zege likiwa bichi. Kama huna mengine yazungushie waya wa kufungia nondo mistari mitatu kabla ya kumwaga. Bomba chukua la inchi moja la chuma, la robo tatu ni jembamba linakata kiganja uzito ukiongezeka, na la plastiki usithubutu. Urefu pima ngumi yako, ongeza vidole vinne vya nafasi, halafu ongeza na kinachozama kila upande. Likiwa na kutu piga msasa kwanza. Ukipita Makambako niambie, za kuchomea nondo sikudai.